Ufunguo Ulio Ukutani

Asubuhi ile Thérèse alibadili namba ya kisanduku bila kumwambia mtu, na muda wote aliokuwa akifanya hivyo alikuwa akigeuka kuutazama mlango wa jirani. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ndani, Emerance alikuwa akikohoa kile kikohozi chake cha moshi wa makaa, kikohozi ambacho Thérèse alikisikia kila siku ya ujirani wao bila kukitilia maanani. Siku hiyo kilimtia hofu.

Kisanduku chenyewe kilikuwa cha chuma, ukubwa wake kama kitabu cha nyimbo za kanisani, kimekazwa kwa skrubu kwenye ukuta wa mawe meusi ya volkano, karibu na pipa la maji ya mvua. Mbele kilikuwa na vigurudumu vinne vya namba. Ukizipanga sawasawa kifuniko kinafunguka, na ndani kuna kulabu ya kutundikia ufunguo wa akiba. Grégoire, mumewe Thérèse, ambaye alikuwa muuza kufuli, bawaba na misumari huko Birere, mtaa wa maduka mjini Goma, alikileta nyumbani mwaka wa 2021, baada ya volkano kuwatia adabu.

Jioni ile ya volkano mtoto wao Kasereka alikuwa amefungiwa ndani kwa kufuli ya nje ili asizurure, afanye kazi zake za shule. Thérèse alikuwa kwenye maombi na ufunguo wake mkobani. Grégoire alikuwa Birere na wa kwake mfukoni. Mbingu ikawa nyekundu, mji mzima ukamwagika barabarani kuelekea Sake, na wazazi wote wawili wakabebwa na umati kama takataka kwenye mfereji. Aliyebaki ni Emerance, au Mama Gisubizo kwa jina la mtaani, mjane wa Rutshuru msema Kinyarwanda waliyepakana naye uwanja. Alitafuta nondo, akang'oa vyuma vya dirisha, akamtoa mtoto na kumshika mkono hadi Sake. Walipokutana huko Grégoire alilia mbele za watu, akaapa kwamba ufunguo wa nyumba yake hautalala tena mfukoni mwa mtu. Ndipo kikaja kisanduku. Namba walipewa watu wanne tu: yeye, mkewe, mtoto, na Emerance.

Namba hiyo ilikuwa 2002, mwaka ambao lava ilimeza duka lake la kwanza. "Hii siwezi kusahau hata nikirogwa," alisema siku ile, akajiona mjanja. Masikini Grégoire! Hakufikiri kwamba hakuna mtu wa Goma anayeweza kuusahau mwaka ule hata akirogwa.

*

Sasa ilikuwa Januari ya 2025 na mji ulikuwa umeanguka. Umeme ulikatika, maji yalikatika, simu zikawa vioo vya kujitazamia tu. Mabomu yalikuwa yamepungua, lakini wenye bunduki waliouteka mji walikuwa wakipita avenue kwa avenue wakikusanya vijana. Walisema wanatafuta wanajeshi waliovua sare. Lakini kijana yeyote mwenye mabega walimpandisha kwenye lori, na malori yale hakuna aliyejua yanakoshushia.

Kasereka alikuwa na miaka kumi na minane na mabega ya kutosha.

Mtaani watu walikuwa na ujanja wao wa siku hizo. Unafunga nyumba kwa kufuli ya nje, unaacha uwanja bila kufagia, na aliye ndani ananyamaza. Anayepita anasema hawa walikimbia. Grégoire na Thérèse waliamua kufanya hivyo hivyo, kwa sababu hawakuweza kushinda ndani wote. Habari zilikuwa zimefika kwamba maduka ya Birere yanavunjwa, na ndani ya nyumba ilikuwa imebaki chupa moja tu ya maji.

"Lufungulo niende nayo?" Grégoire aliuliza, kwa sauti ya chini ingawa walikuwa jikoni kwao wenyewe.

"Hapana, papa. Batu banasachiwa barabarani. Bakiikuta mu mufuko yako batauliza nyumba iko wapi."

"Basi iende mu kisanduku, kama siku zote. Kama kunatokea kitu Mama Gisubizo atafungua. Kode anaijua."

Thérèse alimgeuzia mgongo. Alikuwa akikaza kitambaa chake kichwani, akikikaza zaidi ya kilivyohitaji.

"Nini?" Grégoire akauliza.

"Ile ya kujua kode njo inaniogopesha. Jana nilimuona. Alisimama na bale batu ba bunduki pale kona, banaongea luga yabo. Alicheka nabo, Papa Kasereka. Alicheka!"

"Na ulitaka alie?"

"Bamama kwa foleni ya maji banasema ni batu ba kwabo njo banawaonyesha nyumba."

"Bamama kwa foleni ya maji bangesema hata mi ni Padri." Grégoire alivaa koti. "Ule mwanamuke aling'oa dirisha na mikono yake. Usisahau."

"Sisahau," alisema Thérèse, na alikuwa akisema kweli. Hakuwa amesahau. Hofu haihitaji usahau chochote. Inakaa tu juu ya yale unayoyajua, ikayafunika. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea moyoni, na methali ikamkaa vizuri kuliko shukrani.

Grégoire akaondoka. Kwenye chumba cha nyuma Kasereka alikuwa ameketi kitandani, ndoo miguuni, chupa ya maji ya mwisho ubavuni. Kijana aliyekwisha kununua wembe wake mwenyewe alikuwa akifundishwa na mama yake jinsi ya kukojoa bila kusikika.

"Ukojolee kando ya ndoo, si katikati."

"Mama, nimesikia."

"Na usikohoe."

"Na nikikohoa?"

"Ukohoe ndani ya muto." Alimshika shavu. Kijana aliona haya, lakini hakuutoa mkono. "Mi narudi sasa hivi. Hata nani aite, usiitike. Hata Mama Gisubizo."

"Hata yeye? Ju ya nini?"

"Nimesema."

Alifunga kufuli nje. Akafungua kisanduku, akasogeza kile kichuma kidogo cha ndani kama alivyomwona mumewe akifanya, akazungusha kigurudumu cha mwisho peke yake. Hakuwa na muda wa kutunga namba ya ajabu. Palipokuwa na mbili akaweka sita: 2006, mwaka aliomzaa Kasereka. Akatundika ufunguo, akafunga, akavuruga namba, akachukua bidoni, dumu lake la njano la maji. Alipopita mbele ya mlango wa Emerance aliinama kana kwamba anatazama ndara zake.

*

Huko Kituku, ukingoni mwa ziwa, watu walikuwa wengi kuliko mitumbwi. Mji mzima uliokuwa ukinywa maji ya bomba ulikuwa umerudi ziwani na ndoo, sufuria, hata beseni za kuogeshea watoto. Hakuna aliyekuwa akiongea kwa sauti. Thérèse aliingia hadi magotini, akasukuma povu na takataka kwa kiganja, akajaza bidoni, akaibeba mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, kama mama zake walivyobeba kuni huko Butembo.

Pale barabara inapopanda alikuwa amesimama mmoja wa wenye bunduki, buti zake zimejaa tope.

"Mama, simama. Maji hiyo ni ya nini?"

"Ya kupika, papa." Mtu huyo hakuwa amemzidi Kasereka kwa miaka mingi, lakini alimwita papa.

"Leta nioshe viatu."

Alishusha bidoni. Kijana aliinua mguu mmoja juu ya jiwe na kumngoja. Thérèse akaelewa, akachuchumaa, akammwagia na kumsugua kwa mkono wake buti la kwanza, kisha la pili. Tope lilikuwa limeganda, likala karibu maji yote. Wanawake wengine walipita wakitazama kando, kwa adabu, jinsi mtu anavyotazama kando jirani akipigwa na mumewe.

"Unajua kazi, mama," kijana alisema. "Nikuoe?"

Thérèse akacheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, chembamba, cha kumpendeza yule kijana, na kilidumu hadi alipopewa ruhusa ya kwenda. "Asante, papa," alisema, akarudi ziwani kujaza upya. Alikuwa amecheka na mwenye bunduki mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima, na wazo la Emerance pale kona halikumpitia kabisa.

*

Wakati huo huo wenye bunduki wawili waliingia uwanjani kwao.

Emerance alikuwa kwenye kiti chake kifupi, ungo wa maharage mapajani. Mmoja alikuwa mtu mzima mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Mwingine alikuwa kijana aliyevaa kofia ya sufu, na Kiswahili chake kilikuwa cha Birere tupu.

"Mwaramutse, mama," alisema yule mkubwa.

"Mwaramutse." Emerance aliitikia na kucheka kidogo, kwa sababu mtu mwenye bunduki akikusalimia unacheka.

"Benye hii nyumba bako wapi?"

"Balikimbia."

"Wapi?"

"Mi najua? Batu banakimbia, habaagi."

Kijana alikuwa amekwenda ukutani. "Chef, angalia hii. Najua hii vitu. Mu hotel kule Himbi iko ingine. Banawekaka mo lufungulo." Akasugua mikono kama mtu aliyeketishwa mbele ya sahani ya foufou. "Mi nilizaliwa hapa. Nikuonyeshe. Batu ba Goma bote banawekaka namba moja. Mu téléphone, mu valize, fasi yote. Deux mille deux! Hata papa yangu."

Akaanza kuzungusha. Emerance alisikia mlio wa kila kigurudumu. Kasereka naye, kwenye chumba cha nyuma, alisikia, akauma mto kwa meno. Mbili. Sufuri. Sufuri. Emerance aliinamisha uso kwenye maharage na kuanza Salamu Maria, na hakuweza kukumbuka maneno yanayofuata baada ya "umejaa neema." Mbili.

Kijana alivuta kifuniko. Hakikufunguka.

Alivuta tena. Akajaribu 2012, mwaka ambao waasi wengine walikuwa wameuteka mji. Akajaribu 2021. Yule mkubwa akacheka kwa pua. "Wewe mutoto ya Goma!" Aibu ilimpanda kijana, na aibu ya mtu mwenye silaha ni jambo la kuogopwa. Alimgeukia Emerance.

"Mama, namba ni ngapi?"

"Sijui."

"Uko jirani na haujui?"

"Lufungulo ya mutu mi niijulie nini?"

Kijana aliupiga ungo teke. Maharage yakaruka uwanja mzima, yakaingia katikati ya mawe meusi. "Okota," alisema, naye Emerance akapiga magoti akaokota, moja moja, huku wakimtazama. Kisha yule mkubwa alisema bila kupandisha sauti, "Tunaenda kwa kamioni kuchukua nyundo. Tukirudi tukute mutu mu hii nyumba, utaenda naye."

*

Walipotoka Emerance alibaki magotini kidogo. Akina Thérèse walikuwa wamebadili. Hilo ndilo lililomjia kwanza, kabla hata ya nyundo. Walikuwa wamebadili namba, na hawakumwambia. Liliuma, tena liliuma vibaya, lakini hakuwa na nafasi ya kuumwa wakati huo. Alikwenda dirishani nyuma. Vyuma vya dirisha vilikuwa vipya na vinene. Grégoire alivichagua mwenyewe, baada ya kuona vile vya zamani vinavyong'oka.

"Kasereka. Ni mi. Kasereka, banarudi na nyundo. Namba ni ngapi?"

Kimya. Kijana alikuwa ameambiwa asimwitikie mtu, hata yeye.

"Mutoto yangu, nakuomba. Kama hautaki kuongea, gonga tu."

"Sijui, mama," ilisema sauti ndani, kavu. "Sikujua hata kama alibadilisha."

Emerance alirudi ukutani. Alifikiria jiwe, lakini kisanduku kilikuwa cha chuma na lori lilikuwa kona pale, wangesikia. Kwa hiyo alianza kuzungusha. Alijaribu 1977, volkano ambayo mama yake aliikimbia naye tumboni. Alijaribu 1994, mwaka wa wakimbizi, na 1996, na 1998, miaka ya vita viwili vilivyofuatana kama mapacha. Alijaribu 2008. Kila mwaka mtu alikuwa amekimbia, na kila mwaka kifuniko kiligoma. Vidole vilikuwa vimelowa jasho hadi vikateleza. Huko kona mtu alipiga kelele, na bati la nyuma la lori likaanguka kwa kishindo.

Akaacha. Akaegemeza paji la uso kwenye ukuta. Akamwita moyoni Gisubizo, binti yake aliyeolewa Rutshuru, ambaye simu yake ilikuwa haiingii kwa wiki nyingi. Kila alipomwombea alianzia pale pale, pale alipomzaa: maternité, hospitali ya wazazi, vitanda havikutosha, yeye na Thérèse wamelazwa kitanda kimoja, kichwa na miguu, Kasereka upande wa ukuta, Gisubizo upande wa mlango. Thérèse alimpa nusu ya khanga yake. Wakati mama ameogopa, anafunga na nini?

Alipanga 2006. Kifuniko kilifunguka kwa wepesi hadi akashtuka.

"Toka. Acha ndoo. Acha viatu, haraka!"

Alimtoa, akarudisha kufuli mlangoni, akaisukuma hadi ikalia. Akamwingiza kwake, akamlaza nyuma ya magunia ya makaa, akamfunika kwa blanketi la marehemu mumewe. Buti zilikuwa zimeshaingia kwenye njia ya mawe. Hakupata nafasi ya kurudi kufunga kisanduku. Alikaa kwenye kiti chake, ungo mapajani, ufunguo kifuani ndani ya nguo, akaendelea kuchagua maharage yaliyobaki.

Waliona kisanduku wazi na kitupu. "Nani alifungua?" Kijana akauliza. "Nyinyi muliichokonoa, pengine ililegea," Emerance alijibu. Walimtazama kwa muda mrefu. Halafu nyundo ikapanda, kufuli ya Grégoire, ambayo aliwahi kuisifia kwa wateja kwamba haivunjiki, ikavunjika kwa pigo la pili. Waliingia. Walipindua vitanda, wakachukua redio na viatu vya Kasereka, wakatoka wakitukana. Hakukuwa na mtu. Wakazunguka nyuma kutazama jiko na choo.

Emerance alivuta pumzi. Wangemaliza choo, wangekwenda zao. Kilichobaki ni kukaa kimya tu.

*

Thérèse aliingia uwanjani na bidoni mgongoni, shingo imekakamaa. Aliona mlango wa nyumba yake wazi. Kisha akaona kisanduku.

Hakikuvunjwa. Hilo ndilo lililomwondoa akili. Kilikuwa kimefunguliwa kwa namba, vigurudumu vimesimama 2-0-0-6, namba yake, ambayo hakumwambia mtu duniani. Alitupa bidoni, maji yakamwagika juu ya mawe. Akaingia ndani, akatoka. Kitanda kilikuwa kimepinduliwa, ndoo ilikuwa pale. Na Emerance alikuwa ameketi nje, ungo mapajani, akichagua maharage.

Emerance alimtazama. Alifumbua macho makubwa, akayaelekeza nyuma ya nyumba, akatikisa kichwa mara moja, polepole. Hakuna mtu ambaye asingeielewa ishara ile siku nyingine yoyote.

"Emerance!" Hakumwita Mama Gisubizo. Alimwita jina lake tupu, kama mtu anavyomwita mwizi. "Umemupeleka wapi mutoto yangu?"

Emerance aliweka kidole mdomoni.

"Usininyamazishe! Umefungua, umemutoa, umemupatia nani? Nilijua! Mungu wangu, nilijua! Nilikuona unacheka nabo. Umemuuzisha Kasereka wangu!"

Maji yakimwagika hayazoleki, na maneno vilevile. Sauti ilikuwa bado inarudi kutoka kwenye kuta za mawe wakati yule mtu mzima alipotokea pembeni mwa jiko, taratibu, akijipangusa mikono.

"Mutoto gani, mama?"

Thérèse alimwona. Akamtazama Emerance. Akaona nguo yake ilivyotuna kifuani kwa umbo la ufunguo, akaona alivyoketi ameupa mgongo mlango wake kama mtu anayeulinda, na yote yakamwingia kwa pamoja, alipokuwa hana tena la kufanya nayo.

"Mudogo," alisema. "Ni... ni mutoto mudogo, papa. Wa kunyonya."

"Wa kunyonya, na anaitwa Kasereka wangu, na anauzishwa." Mtu huyo alimwashiria kijana kwa kidevu. Kijana alikwenda mlangoni kwa Emerance. Emerance aliinuka na kusimama mbele yake, na kijana akamgonga kwa kitako cha bunduki begani, na alipoanguka akamgonga tena mkononi.

Ndani magunia yaliporomoka. Kasereka alijitokeza pekupeku, uso mweusi kwa vumbi la makaa, mikono juu.

"Mumuache mama," alisema. "Niko hapa. Mumuache."

Wanawake wote wawili walisikia, na wote wawili walijua alikuwa akimsema aliyeko chini.

Thérèse aliwashika miguu. Aliwaambia kuna redio, kuna duka zima la kufuli Birere, wachukue. Alicheka hata, kile kicheko cha Kituku, kikamtoka mdomoni pamoja na machozi. Yule mkubwa aliutoa mguu wake kwa upole karibu, kama mtu anayejinasua kwenye mwiba. Kasereka, akiwa katikati yao, aligeuka kutazama nyuma mara moja tu kwenye njia ya mawe. Kisha injini ya lori ikanguruma.

*

Grégoire alirudi alasiri, mikono mitupu, amekwisha kulilia duka lake njiani. Aliposikia, alikaa chini palepale penye tope la maji yaliyomwagika na hakutaja duka wala redio. Baadaye tu, giza lilipokuwa likikaribia, ndipo aliuliza: "Kwa nini haukuniambia kama umebadilisha?" Grégoire hakuuliza tena, siku ile wala nyingine. Ingekuwa nafuu kama angempiga.

Siku zilipita. Simu zilirudi, umeme ukarudi usiku mmoja mmoja. Wengine walisema vijana wale walipelekwa Rutshuru kufundishwa bunduki, wengine walisema wameonekana Masisi wakibeba masanduku ya risasi. Thérèse alikwenda kila mahali walipokusanyika akina mama wenye picha mikononi. Alirudi kila mara na picha yake.

Kwa Emerance alikawia kwenda. Alipika uji, akaumwaga, akapika tena. Hatimaye alibisha. Emerance alikuwa kitandani, mkono umefungwa kwa kipande cha khanga, na nyuma yake magunia ya makaa yalikuwa bado yameanguka vilevile.

"Mama Gisubizo. Nimeleta uji."

"Weka."

Aliweka. Alisimama. Alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, ingawa njia yenyewe ilikuwa uwanja tu, na yote yalikwisha. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaweka uso kwenye blanketi la marehemu, lile ambalo mwanawe alifunikwa.

Emerance alimwacha alie. Hakumsukuma, wala hakumshika.

"Ungeniuliza pole-pole," alisema mwishowe. "Njo ile tu, Mama Kasereka. Ungekuja karibu, ungeniuliza pole-pole."

*

Jumapili moja Grégoire alifunga kufuli mpya mlangoni. Thérèse alichukua ufunguo wa akiba, akaenda ukutani, akafungua kisanduku na kusogeza kichuma cha ndani. Mumewe alimwona akizungusha kigurudumu cha mwisho, kutoka sita kurudi nyuma, hadi mbili.

"Unafanya nini? Ile kode iko na muji muzima! Hata wale balijaribu ile kwanza. Mwizi yeyote ataingia."

"Aingie."

"Thérèse."

"Kasereka hajui ingine," alisema. "Akirudi na sisi hatuko, atajaribu ile."

Grégoire alisogea ukutani. Alitoa bisibisi mfukoni, akakaza skrubu za kisanduku moja baada ya nyingine, ingawa zilikuwa zimekaza. Thérèse alitundika ufunguo, akafunga, akavuruga namba. Kisha akavuka uwanja, akasimama kwenye mlango wa jirani bila kuingia.

"Mama Gisubizo. Nimeirudisha ile ya zamani."

"Deux mille deux?"

"Deux mille deux."

Ndani kikasikika kile kikohozi. Emerance akatoka, mkono mmoja umefungwa, mwingine ukiburuta kiti chake kifupi. Alikivuta kutoka mahali kilipozoea kukaa, akakiweka mahali ambapo mtu akikaa anauona ukuta ule vizuri, akaketi, akaomba aletewe ungo.